Wakala wa kitabu cha watoto: namna ya kumpata anayekufaa

Kabla hujaanza kutafuta wakala, jiulize ni mtoto gani utakayependa akishike kitabu chako. Yuko Korogwe au yuko Manchester?

Kama mswada wako ni wa Kiswahili na unataka usomwe na watoto wa Korogwe, Kilifi au Mbarara, wakala humhitaji. Wachapishaji wetu, kuanzia Mkuki na Nyota na E&D Vision pale Dar es Salaam hadi EAEP, Longhorn na Storymoja kule Nairobi, ni watu unaoweza kuwaandikia mwenyewe. Ukimlipa mtu akufikishie mswada kwa mchapishaji wa Dar es Salaam, umelipia nauli ya safari ya kwenda kwa miguu.

Wakala ni mtu wa soko la Kiingereza. London na New York, nyumba nyingi kubwa za uchapishaji hazisomi mswada uliotumwa na mwandishi mwenyewe. Wahariri husoma walicholetewa na mawakala. Wakala husoma kazi yako, hukuambia pa kurekebisha, huipeleka kwa wahariri anaowafahamu, hujadili mkataba, hupokea fedha, hukata chake na kukutumia zinazobaki. Kiwango cha kawaida ni 15% kwa mauzo ya nchini kwake, na 20% kwa mauzo ya nje na ya tafsiri. Usipolipwa wewe, naye halipwi. Kariri sentensi hiyo, tutairudia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Nilizunguka miaka mitatu na mswada wa kitabu cha picha kuhusu binti wa Pangani anayemsubiri baba yake arudi kutoka baharini. Mengi ninayoyaandika hapa niliyajua baada ya kukosea.

1. Jua kitabu chako ni cha umri gani

Mawakala wa vitabu vya watoto hugawana kwa umri. Anayeuza vitabu vya picha huenda hagusi kabisa riwaya za vijana. Barua isiyosema umri wa msomaji huwekwa kando.

Kitabu cha picha, cha watoto wa miaka mitatu hadi saba hivi, kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya 8 au 16. Maneno yake siku hizi hayazidi 600 au hapo karibu. Riwaya ya watoto wa miaka 8 hadi 12 huwa na maneno kati ya 30,000 na 50,000. Ya vijana huanzia 50,000 na kufika 80,000. Ukiwa na hadithi ya picha yenye maneno 2,000, kama nilivyokuwa nayo mimi, ipunguze kabla hujamwandikia mtu yeyote.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: kama wewe si mchoraji, usitafute mchoraji. Mchapishaji ndiye humchagua na kumlipa. Nimeona mwenzangu akitoa akiba yake yote kumlipa kijana amchoree kurasa 32, na wakala wa kwanza akamwambia anataka maneno peke yake. Ukiwa unaandika na kuchora mwenyewe, hapo ndipo unatengeneza kitabu cha mfano chenye michoro ya rasimu kurasa zote na mbili tatu zilizokamilika.

2. Usiitafsiri hadithi, iandike upya

Wakala wa London hasomi Kiswahili. Atahitaji mswada wa Kiingereza, na hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia.

Sisi tumelelewa na vina. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo vina hutujia kama maji ya mfereji, na mtoto wa darasa la pili anaweza kutunga beti mbili akisubiri uji. Beti hizo ukizihamishia Kiingereza, vina hufa na mizani huvunjika. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa wa vina. Niliutafsiri kwa kulazimisha, mstari kwa mstari, na sasa nikiusoma naona maneno yaliyotiwa pale kwa ajili ya mlio tu. Mawakala wengi huandika wazi kwamba mswada wa vina wanautazama kwa tahadhari, kwa sababu vina vibaya ni vingi mno. Andika kwa nathari, kisha utafute mdundo kwa njia nyingine: kurudia neno, kuitikiana kama paukwa na pakawa, sentensi fupi inayorejea kila baada ya kurasa mbili.

La pili ni funzo. Hadithi zetu nyingi huishia na bibi akisema, "Basi wajukuu zangu, mmejifunza nini?" Mimi nazipenda, na darasani nazitumia. Lakini soko unalolitafuta linataka mtoto atatue tatizo lake mwenyewe na msomaji abaki na hadithi. Katika rasimu zangu za mwanzo baba alirudi, akamkalisha binti na kumweleza maana ya subira. Nilipoufuta ukurasa huo, binti akapata kazi ya kufanya.

Ukitumia ngano za sungura na fisi, kumbuka kwamba ni urithi wetu sote. Unachouza ni namna yako ya kuisimulia, kwa hiyo lazima iwepo namna yako.

Mpe mtu anayesoma Kiingereza kama lugha yake ya kila siku akusomee kwa sauti, huku wewe ukimsikiliza. Anapokwama ulimi, weka alama.

3. Angalia kama haki bado ni zako

Wengi tumeweka hadithi kwenye majukwaa ya wazi kama African Storybook au StoryWeaver. Ni kazi njema, na watoto wengi Afrika Mashariki wamejifunza kusoma kwa hadithi hizo. Ila ujue kwamba hadithi iliyotolewa kwa leseni ya wazi ya Creative Commons haiwezi kurudishwa ndani. Leseni hiyo haifutiki. Mchapishaji anayenunua haki za pekee hatazipata. Hadithi hiyo iache iendelee na safari yake, uandike nyingine kwa ajili ya wakala.

Hali ni hiyohiyo ukiwa umeshasaini mkataba na mchapishaji wa hapa. Usome tena. Kama ulimpa haki za lugha zote na nchi zote, huna cha kumpelekea wakala mpaka mchapishaji huyo akuachie haki hizo kwa maandishi.

4. Tengeneza orodha kwa kuanzia kwenye vitabu

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utampata anayekufaa au yeyote tu. Watu huandika "wakala wa vitabu" kwenye simu na kuchukua majina kumi ya mwanzo. Matangazo huwa juu, na wakala mzuri mara nyingi hajitangazi, kwa sababu barua zinazomfikia tayari zinamshinda.

Anza na vitabu. Tafuta vitabu kumi au kumi na tano vya watoto vilivyotoka miaka mitatu au minne iliyopita, vinavyofanana na chako kwa umri na kwa roho. Sisemi vinavyohusu Afrika. Kitabu changu kilikuwa cha subira na bahari. Vilivyonifaa ni pamoja na kimoja cha mtoto anayemsubiri mama yake aliye kazini usiku, mjini kabisa, pasipo na mawimbi. Huna haja ya kuvinunua vyote. Kurasa za mwanzo za vingi huonyeshwa bure mtandaoni, na maduka kama Text Book Centre la Nairobi huwa na rafu ya watoto unayoweza kusimama mbele yake asubuhi nzima.

Kisha mtafute wakala wa kila kitabu. Kwenye riwaya, fungua ukurasa wa shukrani. Mwandishi karibu kila mara humtaja wakala wake kwa jina. Kitabu cha picha mara nyingi hakina ukurasa huo, kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya mwandishi, sehemu ya mawasiliano, ambako hutajwa anayeshughulikia haki zake. Jina likijirudia kwenye vitabu viwili au vitatu ulivyovipenda, lipigie mstari. Huyo ladha yake inafanana na yako, na ameshathibitisha kwamba anaweza kuiuza.

Baada ya hapo tumia zana. *Children's Writers' & Artists' Yearbook*, inayotolewa kila mwaka na Bloomsbury, ina orodha ya mawakala wa Uingereza na kwingineko. Manuscript Wish List hukuonyesha mawakala wanaandika wanatafuta nini. QueryTracker hukuonyesha nani anapokea miswada sasa na huchukua muda gani kujibu. Publishers Marketplace huonyesha nani amemuuzia nani. Ni ya kulipia kwa mwezi, kwa hiyo kusanya majina kwanza, lipia mwezi mmoja, yachunguze yote, ujitoe. SCBWI, chama cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kilichoanzishwa Marekani mwaka 1971, kina wanachama nchi nyingi na huwakutanisha na mawakala, hata kwa njia ya mtandao.

Orodha ya majina 20 inatosha. Kando ya kila jina andika sentensi moja: kwa nini huyu. Ukikosa sentensi, lifute.

5. Wachuje matapeli

Niliwahi kupata barua pepe iliyousifu mswada wangu kwa maneno matamu. Nilikaribia kulia. Kisha nikagundua hakuna mahali inapomtaja binti, bahari wala Pangani. Barua ile ingeweza kumwendea yeyote. Mwishoni waliomba dola 400 za "kusajili kazi". Nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya kutuma fedha nje.

Rudi kwenye ile sentensi: usipolipwa wewe, naye halipwi. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma wala ada ya kusajili, na hakusukumi umlipe mhariri wa kampuni yake. Association of Authors' Agents ya Uingereza na Association of American Literary Agents ya Marekani zina kanuni za maadili kwa wanachama wao. Angalia kama jina la wakala wako limo. Kutokuwamo si kosa, maana mawakala chipukizi huchelewa kujiunga, lakini basi chunguza wanafanya kazi chini ya nani na wameuza nini.

Siku hizi kuna hila nyingine: tapeli hujiita jina la wakala halisi. Tazama anwani ya barua pepe. Kama wakala anafanya kazi kwenye kampuni yenye tovuti na barua imetoka kwenye anwani ya bure, iandikie kampuni yenyewe uulize. Tovuti ya Writer Beware huorodhesha hila hizi, na kuisoma ni bure.

6. Andika barua ya ukurasa mmoja

Uingereza kwa kawaida wataomba barua, muhtasari na sura tatu za mwanzo. Marekani, barua na kurasa chache. Kwa kitabu cha picha utatuma maneno yote, maana ni machache. Kila wakala ana maelekezo yake kwenye tovuti, na anamaanisha: akisema ubandike mswada ndani ya barua, usiuambatanishe.

Barua yangu ya mwanzo ilianza na maisha yangu. Nilikozaliwa, nilivyopenda kusoma, aya mbili nzima, kwa sababu kwetu huwezi kuingia kwenye shida yako kabla ya salamu na habari za nyumbani. Wakala anayefungua barua mia hafiki huko. Anza na hadithi. Iliyofanya kazi, kwa Kiswahili, ingesomeka hivi:

"Mpendwa Bi. Fulani, kila jioni Mwanahamisi huhesabu majahazi yanayorudi Pangani. Leo limepungua moja, la baba yake. Akiwa na kandili ya bibi na kamba ya pima mbili, anaazimia kuwasha mwanga ambao baba atauona kutoka baharini. Hiki ni kitabu cha picha cha maneno 480 kwa watoto wa miaka minne hadi saba. Nakuandikia kwa sababu unamwakilisha mwandishi wa kitabu ambacho wanafunzi wangu huniomba nikirudie, na nadhani wanaokipenda kile watakipenda hiki. Ninafundisha darasa la pili mjini Tanga, na nina miswada mingine miwili ya umri huohuo."

Ipo hadithi, upo umri, idadi ya maneno, sababu ya kumchagua yeye, na mimi ni nani kwa sentensi moja. Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Wakala wa vitabu vya picha akipenda kimoja, swali lake la kwanza huwa "una vingine?" Usitume chochote kabla hujakuwa na angalau vitatu vilivyo tayari. Na usitume vyote pamoja. Tuma kimoja, vingine vikae vikisubiri kuitwa.

7. Tuma kwa mafungu

Watano au sita kwa mara moja. Kila kampuni, wakala mmoja tu kwa wakati mmoja. Weka daftari: jina, tarehe, ulichotuma, jibu.

Kutuma kwa wengi si utovu wa adabu, wao wenyewe wanalitarajia. Ila mmoja akikupa ofa, wajulishe wengine mara moja. Majibu huchukua wiki sita, miezi mitatu, na wengine husema kabisa kwamba kimya ni hapana. Subiri muda waliotaja, kumbusha mara moja kwa upole, kisha sogea.

Sababu ya mafungu ni kujifunza. Fungu zima likinyamaza, barua au ukurasa wa kwanza una tatizo. Urekebishe kabla ya fungu la pili. Wakiomba kusoma zaidi halafu wakakataa, barua ni nzuri na kazi iko ndani ya mswada. Mimi nilituma kwa kumi na mmoja usiku mmoja, zile beti zangu za vina, na nikawapoteza wote kumi na mmoja kwa kosa lilelile.

8. Simu

Wakala akitaka kukuwakilisha ataomba mzungumze. Kwanza saa. Akisema saa 10:00 asubuhi ya London, kwetu ni saa saba mchana wakati wa baridi yao na saa sita mchana wakati wa kiangazi chao. Saa 10:00 asubuhi ya New York ni saa kumi na mbili au kumi na moja jioni. Mjibu kwa kuandika 13:00, saa za Afrika Mashariki, ili usije ukaichanganya saa yetu na yao.

Siku hiyo usiwe mwombaji. Najua ilivyo vigumu, moyo unataka kusema ndiyo kabla hajamaliza salamu. Muulize anataka marekebisho gani, na usikilize kama anakiona kitabu ulichokiandika au kingine kilicho kichwani mwake. Wakala wa kwanza aliponiambia kwamba Mwanahamisi angeweza kuokolewa na mtalii, nilijua si yeye. Muulize atakipeleka kwa wahariri wa aina gani, atakuwakilisha kwa kitabu hiki tu au kwa kazi zako zote, atafanya nini kisipouzika, na utapata habari kila baada ya muda gani. Omba kuzungumza na mwandishi mmoja anayemwakilisha. Kisha omba wiki mbili za kufikiri. Ni desturi, na anayekataa kukupa anaogopa kitu.

Halafu uliza kuhusu nyumbani. Wachapishaji wa Uingereza huzoea kudai haki za kuuza Uingereza pamoja na nchi za Jumuiya ya Madola, na Kenya, Tanzania na Uganda huwa kwenye orodha hiyo. Maana yake, bila ruhusa yao hakuna mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi atakayeweza kuchapa toleo la Kiingereza la bei ambayo mzazi wa hapa anaiweza. Mtoto wa Pangani ataagiziwa kutoka ng'ambo hadithi ya Pangani. Na kama haki za tafsiri zimetolewa zote kwa pamoja, Kiswahili chako mwenyewe kimekwenda nazo. Kwangu jibu la swali hili ndilo lililomtenganisha wakala na wakala. Mmoja alisema soko hilo ni dogo, tusilihangaikie. Mwingine alisema hajawahi kuuza haki za Kiswahili lakini angezitoa nje ya mkataba zibaki kwangu, na akaniuliza ni wachapishaji gani wa kwetu ninaowaamini.

9. Mkataba na fedha

Mkataba wa uwakilishi huwa mfupi. Tafuta asilimia, kazi zinazohusika, na notisi ya kuachana, ambayo mara nyingi ni siku 30 au 60. Mkiachana, kwa vitabu alivyokwisha kuviuza ataendelea kupata asilimia yake. Hilo ni la kawaida. La kukataa ni kifungu kinachompa fungu katika vitabu ambavyo hakuviuza. Society of Authors ya Uingereza na Authors Guild ya Marekani huwasomea wanachama wao mikataba, na ofa ya wakala au ya mchapishaji mara nyingi inatosha kukuruhusu kujiunga.

Malipo ya awali huja kwa vipande. Tuseme ni dola 6,000 kwa vipande viwili: kila kinapoingia 3,000, wakala hukata 450, zinabaki 2,550. Mirabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, haianzi kulipwa mpaka ifidie zile 6,000. Mchapishaji akiwa wa Marekani, utajaza W-8BEN, fomu ya kodi ya wasio Wamarekani, na kodi ya 30% itakatwa, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Panga bajeti kwa kinachobaki, hasa kama umeshaahidi mtu bati.

Mliyokubaliana kwenye simu yaandike kwenye barua pepe siku hiyohiyo, kabla ya kusaini: haki za Kiswahili zinabaki kwa mwandishi, toleo la Afrika Mashariki litajadiliwa peke yake, marekebisho yatafanywa na mwandishi. Akijibu "sawa", ichapishe barua hiyo uiweke pamoja na mkataba.